Mjadala: Baiskeli isiyo na taa ikigongwa usiku, mzigo ni wa nani?

Kijiweni (mtoa mada)

Wakuu, swali ni fupi ila naomba majibu yasiwe mafupi. Chukua kipande cha Chalinze kwenda Morogoro, saa moja na nusu usiku. Baiskeli nyeusi, mwendeshaji kavaa koti jeusi, kwenye keria magunia mawili ya mkaa, taa hakuna. Lori linamkumba kwa nyuma. Dereva anasema "sikumwona", na huenda anasema kweli. Je, kosa ni la aliyetembea gizani bila taa, la aliyeendesha asipoona, au la waliojenga barabara bila kumpa mwenye baiskeli pa kupita? Tukumbuke pia kwamba kwetu jua likishazama, giza haliombi hodi. Dakika 20 na ushei tu umeshaingia usiku, na ndio muda watu wanarudi makwao. Karibuni.

DerevaSemi

Naanza upande wa usukani kwa sababu ndio unaorushiwa mawe kila siku.

Mtu hawezi kukwepa asichokiona. Taa za dimu kwenye gari lililo sawa humwonyesha mtu mwenye nguo nyeusi akiwa umbali wa mita 30 hadi 50 hivi. Nguo nyeupe inaongeza kidogo. Reflekta nzuri inaonekana mita 150 na zaidi, kwa taa zilezile, kwa dereva yuleyule. Kwa hiyo kitu cha bei ndogo kilichobandikwa kwenye madigadi kinampa dereva muda mara tatu hadi tano. Kama mwenye baiskeli ameshindwa kufanya hilo dogo, kwa nini lawama ianzie kwangu?

Na msiniambie "washa fulu". Barabara ya njia mbili ina magari yanayokuja mbele muda wote. Ukiwasha fulu unamtia mwenzako upofu, naye ana mwenye baiskeli upande wake.

Mhandisi Kokoto

DerevaSemi, hesabu yako ni sahihi, ila umeiacha katikati. Tuimalizie.

Kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa magari makubwa Tanzania, ni mita 22 kila sekunde. Usiku, toka jicho lione kitu kisichotarajiwa mpaka mguu ukandamize breki, weka sekunde 2. Hapo tayari mita 44 zimekwenda na lori halijaanza kupungua mwendo. Lori lenye mzigo na breki nzuri, lami kavu, linahitaji kama mita 49 nyingine kusimama. Jumla mita 93. Wewe umesema unaona mita 30 hadi 50.

Maana yake kila anayekwenda 80 kwa taa za dimu anaendesha nje ya macho yake. Baiskeli ni kisingizio tu cha siku hiyo. Keshokutwa itakuwa ng'ombe, jiwe, au semi iliyoharibika na kuwekewa matawi badala ya pembetatu. Hao hawavai reflekta. Kwa mwendo wa 50 hesabu hiyohiyo inatoa mita 47, yaani ndani ya kile taa inachoonyesha, kwa shida.

DerevaSemi

Mhandisi, umesahau baiskeli nayo inasonga mbele. Mimi sihitaji kusimama, nahitaji kushuka mpaka mwendo wake.

Mhandisi Kokoto

Hoja halali, tuihesabu. Baiskeli iko kilomita 15 kwa saa, tofauti yenu ni 65, yaani mita 18 kwa sekunde. Sekunde 2 za kushtuka ni mita 36. Breki mpaka mlingane mwendo, mita 33. Jumla mita 69. Bado umemkuta kabla hujamaliza. Na kama amesimama au anasukuma kwa mguu kwenye mlima, tumerudi kwenye 90 na kitu.

Wakili wa Mtaa

Niseme la sheria kidogo, maana huu ugomvi ni mzee kuliko sisi.

Uingereza ya miaka ya 1930, chama cha waendesha baiskeli cha CTC kilipinga waziwazi taa ya nyuma kufanywa lazima. Hawakuwa wanapenda giza. Hoja yao ilikuwa kwamba ukimlazimisha mwenye baiskeli kujionyesha, umemwondolea dereva wajibu wa kwenda mwendo unaomruhusu kusimama ndani ya anachokiona. Vita vikaja, miji ikazimwa taa mwaka 1939, taa nyekundu ya nyuma ikawa lazima, na 1945 sheria ikaifanya ya kudumu. Kile kipande cheupe kwenye mkia wa madigadi ya nyuma, mnachokiona hata leo kwenye baiskeli nyeusi za mtindo wa zamani, ni mtoto wa sheria za enzi hizo. Tumerithi rangi, mjadala tumeukuta njiani.

Mahakamani nako waliyumba. Kesi ya Baker dhidi ya Longhurst, 1933, ilihusu kugonga kwa nyuma chombo kisicho na taa usiku. Jaji Scrutton alisema anayeendesha gizani aende mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya upeo wa macho yake. Safi kwa Mhandisi. Lakini mwaka 1946, katika Morris dhidi ya Luton, Lord Greene akasema hiyo si kanuni ya sheria, ni suala la ushahidi wa kila ajali. Safi kwa DerevaSemi. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ila yana uzito wa ushawishi Tanzania na Kenya, na matokeo yake ya kawaida ni kugawa uzembe kwa asilimia: dereva hivi, mwendeshaji vile.

Ila angalieni jambo moja ambalo watu hulichanganya. Kukosa kofia ngumu au mkanda kunaongeza jeraha, hakuleti ajali. Kukosa taa kunaweza kuileta ajali yenyewe. Ndiyo maana hoja ya taa huwa na meno zaidi dhidi ya mwendeshaji. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usalama barabarani, kifungu cha 44, unataka baiskeli iwe na breki, kengele, kiakisi (reflekta) chekundu nyuma, na uwezo wa kutoa mwanga mweupe au wa njano mbele na mwekundu nyuma.

Uholanzi wamekwenda njia nyingine kabisa. Kwa fidia, mwenye gari akimgonga mwenye baiskeli mtu mzima, anabeba angalau nusu ya hasara hata kama mwendeshaji alikosea, isipokuwa pawe na makusudi au uzembe unaokaribia makusudi. Mtoto chini ya miaka 14, analipwa zote. Wamesema hivi: mwenye chuma kizito na bima ndiye abebe. Hawajasema taa si lazima. Kule baiskeli isiyo na taa inalipishwa faini. Vitu viwili tofauti, na ndivyo sisi tunavikoroga: nani alivunja sheria, na nani alipe hospitali.

FundiSpoki

Wakuu wanapima mita, mimi nipime waya. Maana "weka taa" ni rahisi kusema.

Dainamo ya kawaida ya tairini, kile kijenereta kinachozungushwa na tairi, ni volti 6, wati 3. Taa ya mbele inakula wati 2.4, ya nyuma 0.6. Umeme unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa fremu. Hapo ndipo taa nyingi zinapofia. Skrubu ya kubana dainamo inatakiwa itoboe rangi mpaka ifike kwenye chuma. Ikipata kutu au fremu ikipakwa rangi upya, taa zinafifia halafu zinapotea, na mwenye baiskeli ananunua balbu tatu bure. Kwangua rangi kwa msasa sehemu ya ukubwa wa kidole gumba, paka grisi kidogo kuzuia kutu, kaza. Au achana na fremu kabisa, pitisha waya wa pili mpaka kwenye taa.

Ugonjwa wa pili: balbu ya mbele ikiungua, umeme wote unaelekea nyuma. Kwenye mteremko balbu ndogo ya nyuma haimalizi dakika, inafuata mwenzake. Mwendeshaji anaona mbele kumekufa, hajui nyuma nako kumekufa. Ugonjwa wa tatu ni kichwa cha dainamo kukaa upande. Mstari wa katikati ya dainamo lazima uelekee katikati ya ekseli ya gurudumu. Ikipinda, inakula ukuta wa tairi na kuteleza kwenye matope.

Na kubwa kuliko yote: dainamo isiyo na hifadhi ya umeme ndani ya taa inazimika ukisimama. Umesimama katikati ya barabara kusubiri kukata kulia, ndipo unapotoweka.

Taa ya betri inaponya hilo, ina dhambi zake. Zile za betri mbili ndogo zinafifia taratibu na mwendeshaji haioni kamwe taa yake ya nyuma. Iwashe, rudi nyuma hatua 100 gizani, itazame. Kama si nukta kali nyekundu, betri au spring zenye kutu. Halafu lenzi zake ni nyembamba: ikifungwa kwenye bomba la siti lililolala, inamulika mbingu. Ielekee nyuma sawasawa na ardhi. Ya mbele iinamie chini ipige lami mita chache mbele, isimchome anayekuja machoni.

Binti Tabora

Kaka Fundi umesema vizuri, ila nyote mnazungumza kana kwamba kuonekana ni jambo moja. Kuna kuona kitu, na kuna kutambua kwamba kile ni mtu kwenye baiskeli. Dereva anaweza kuona nukta nyekundu akadhani ni kibao cha barabarani, asipunguze.

Wapo watafiti wa Australia, akina Joanne Wood, waliochapisha mwaka 2012 jaribio la uwanja usiku, madereva wakiwa ndani ya gari linalotembea. Mwendeshaji mwenye nguo nyeusi alitambuliwa mara 2 katika 100. Kizibao cha rangi kali kisicho na mistari ya reflekta, 15. Kizibao chenye reflekta, 50. Kizibao hichohicho pamoja na reflekta kwenye vifundo vya miguu na magoti, 90. Kinachofanya kazi ni miguu inayopanda na kushuka. Ubongo wa binadamu unaijua ile miondoko haraka sana. Zaidi ya hapo, dimu inamulika chini kwanza, kwa hiyo kifundo cha mguu kinapata mwanga kabla ya mgongo.

Sasa njoo Shinyanga au Tabora kwenye baiskeli za abiria. Tunawaambia vijana wavae vizibao. Abiria akipanda kwenye keria, mgongo wake umefunika kizibao chote. Dereva anayekuja nyuma anaona gauni la kitenge cha rangi ya usiku. Kizibao kimebaki pambo la mbele. Bendi mbili za miguuni zingefanya kazi kuliko hicho kizibao, ila sare za misaada ni vizibao kila mwaka kwa sababu vinabeba maandishi makubwa ya mfadhili.

Kijiweni

Dada, hiyo 15 ya kizibao cha rangi kali imenishtua. Si ndiyo vinavyouzwa kila kona?

Binti Tabora

Ndiyo hivyo. Ile njano ya kuwaka inahitaji mwanga wa jua kuwaka. Usiku mbele ya taa za gari ni kitambaa cha njano tu. Mchana ina faida. Denmark waliwapa maelfu ya watu jaketi za njano zenye reflekta na kulinganisha na wasiopewa. Baada ya kurekebisha hesabu, kwa kuwa waliopewa jaketi huenda waliripoti ajali chache kuliko zilizotokea, ajali zenye majeraha zilikuwa pungufu kwa asilimia 38. Mji wa Odense walijaribu taa zinazowaka muda wote, mchana na usiku, zikapungua asilimia 19.

Kujua kama mstari wa fedha ni reflekta kweli, si kitambaa cha kumetameta: nenda chumba cha giza, simama mita 5, piga picha kwa simu na flashi. Ya kweli inatoka nyeupe kama taa. Ya uongo inabaki kijivu.

FundiSpoki

Na zile sidii zinazoning'inizwa nyuma, naomba tuzizike rasmi. Sidii ni kioo. Kioo kinarudisha mwanga upande mwingine, si kwa aliyeutuma. Reflekta ina vipembe ndani vinavyorudisha mwanga kulekule ulikotoka, hata ikikaa upande kidogo. Ndiyo maana ikipasuka na kuingia maji inakufa: maji yakigusa vile vipembe, mwanga haurudi tena. Reflekta yenye ukungu ndani itupe.

DerevaSemi

Haya, nikubali moja na nitoe moja. Nakubali magari yetu ni sehemu ya tatizo, na nieleze kivipi maana wengi wanalaumu bila kujua.

Kioo cha taa cha plastiki kikifubaa na kuwa cha njano, mita 50 zinakuwa 30. Halafu kuna ugonjwa wa kuchomeka balbu za LED kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya halojeni. Mwanga unaonekana mwingi, lakini chanzo hakikai pale kioo kilipopangiwa, unatawanyika. Mbele ya gari kunang'aa, mbali kuna giza, na anayekuja anapofuka kwa sekunde kadhaa. Mizigo nyuma nayo inainua pua ya gari, taa zinapanda.

Kipimo: simamisha gari mita 5 toka ukutani, sehemu tambarare, mzigo ukiwemo. Pima kimo cha katikati ya taa, weka alama ukutani. Mstari wa juu wa mwanga wa dimu uwe chini ya alama ile kwa sentimita 5 hivi. Ukiwa juu ya alama, unapofusha watu. Ukiwa chini sana, unajipunja mwenyewe.

Nilichotoa ni hiki: reflekta haisaidii kama taa zangu hazijaielekea. Baiskeli ikichomoza kutoka njia ya kando, au ikija mbele yangu wakati nakata kona, mwanga wangu haujamfikia. Pale ni taa yake inayowaka yenyewe tu. Msiwadanganye watu kwamba tepu ya reflekta inatosha.

Mhandisi Kokoto

Nakubaliana. Nami nirudi kwenye barabara kabla haijasahaulika, maana haina mdomo wa kujitetea wala wa kukiri.

Bega la barabara kuu nyingi ni mita moja na nusu au pungufu, na ukingo wa lami umemeguka ukaacha kidaraja cha sentimita 5 hadi 10. Mwenye mzigo akishuka pale usiku, gurudumu la mbele linakwama pembeni ya lami wakati wa kurudi, anaangukia barabarani, tena upande wa magari. Kwa hiyo hashuki. Anakaa juu ya mstari, dereva anampigia honi, wote wanadhani mwenzake ana kiburi. Kujaza kifusi na kushindilia kilingane na lami ni kazi ya matengenezo ya kawaida, haihitaji mradi mpya. Mijini tunajenga njia, kama zile za kando ya mabasi ya mwendokasi barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, halafu zinageuka maegesho ya bodaboda na meza za biashara. Mwenye baiskeli anarudishwa kwenye lami, na akigongwa anaulizwa alikuwa anafanya nini pale.

Wakili wa Mtaa

Basi niulize linalouma: polisi wakamate baiskeli zisizo na taa?

Binti Tabora

Wakikamata baiskeli ya mbeba mkaa wamechukua kipato cha siku ile na cha kesho, na taa bado hana. Ianzie dukani. Marekani toka miaka ya 1970 baiskeli mpya haiuzwi bila reflekta mbele, nyuma, kwenye pedali na magurudumu.

DerevaSemi

Dada, hata zetu nyingi zinakuja na reflekta ndani ya boksi. Ziko wapi? Waulizeni mafundi.

FundiSpoki

Hilo ni letu, silikatai. Fundi anayeunga baiskeli kwa haraka anaziacha kwenye boksi. Za magurudumu zinatolewa siku spoki zinapobadilishwa na kuongezwa unene kwa ajili ya mzigo, hazirudi. Pedali ya plastiki inavunjika, inachomelewa kipande cha nondo, reflekta imekwenda. Ndani ya miezi michache baiskeli imebaki uchi, na faini hailetwi kwa fundi.

Kwa hiyo nimpe kila fundi hesabu ya mita moja na kidogo ya tepu ya reflekta ya malori, upana sentimita 5. Nyekundu sentimita 40: 20 mkiani mwa madigadi, 10 kila mrija wa nyuma wa fremu. Nyeupe 30 mbele, 15 kila mguu wa foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Nyekundu inarudisha kama robo tu ya mwanga wa nyeupe, kwa hiyo usiibanie nyuma. Safisha kwa spirit, si kwa petroli inayoacha mafuta. Kata pembe ziwe duara zisibanduke. Usibandike juu ya kutu. Miguuni, bendi za kufunga, kwa sababu tepu ya kwenye mkono wa pedali inatazama pembeni, wa nyuma haioni.

Kijiweni

Na mwenye magunia? Tepu yote ya nyuma imefunikwa. Na mlimani anasukuma, miguu haizungushi pedali.

FundiSpoki

Umepiga penyewe. Mlimani dainamo imekufa, na msukumaji husimama kushoto, amefichwa na gunia. Kinachobaki ni mzigo wenyewe. Kata kipande cha dumu la oili, sentimita 15 kwa 20, kibandike nyekundu nyingine mistari mitatu, sentimita 60, ndiyo inayokamilisha ile mita moja na kidogo. Kitoboe juu matundu mawili, kifunge kwa mpira wa tyubu kining'inie nyuma ya gunia la chini, kama sentimita 60 toka ardhini, kisilale kwenye tumbo la gunia kikatazama chini. Taa ya betri ifungwe ukingo wa kulia wa mzigo, si katikati, kwa sababu gunia linatokeza na anayepita anahitaji kujua mzigo unaishia wapi. Vikaguliwe kila baada ya kupakia upya, si asubuhi. Vumbi la mkaa linafunika reflekta safari moja tu. Kitambaa chenye maji kiwe kwenye usukani.

DerevaSemi

Hicho kipande cha dumu nikikiona mita 100, sina cha kusingizia.

Mhandisi Kokoto

Ukiwa 80, mita 100 zinakutosha kwa mita 7 tu.